Kwenda Moro Kumtafuta Mwenye Bendi

Basi lilipoiacha Chalinze, konda akabadilisha video. Bongo Fleva ikaondoka, mieleka ikaingia: taa zinazimika, kengele inalia, Undertaker anakuja taratibu na kofia yake nyeusi. Abiria wakachangamka. Kijana wa siti ya nyuma yangu akaanza kumweleza mwenzake kwamba fundi wa mambo yote yale si hao wanaorushana ulingoni, ni Vince McMahon, aliyeinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982 na kufika 1985 akawa amewaletea watu WrestleMania. Mwenzake hakutaka kusikia. Kwake yeye fundi ni Paul Heyman wa kampuni ya ECW, aliyeokota wapiganaji waliokataliwa kwingine akawapa visa vya kucheza mpaka watu wakawapenda kama ndugu.

"Visa havilipi mishahara," wa kwanza akamkata. Na ni kweli, ECW ilifilisika mwaka 2001, mwaka uleule ambao McMahon aliinunua WCW, kampuni pinzani iliyokuwa imemtoa jasho kwa miaka.

Nilinyamaza, ingawa ulimi uliniwasha. Ubishi huohuo ndio ulionipandisha basi kwenda Morogoro kwa mara ya kwanza, ila wangu haukuwa wa mieleka. Ulikuwa wa dansi. Mji huu uliwahi kuwa na bendi mbili zilizogawana wapenzi nusu kwa nusu, Cuban Marimba na Morogoro Jazz, na vinara wawili, Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Nyumbani kwetu wazee wamebishana miaka yote nani aliimba vizuri zaidi. Mimi nilitaka kujua nani alijua kuendesha bendi.

Baada ya Mikese milima ya Uluguru ikajitokeza upande wa kushoto, imejitanda wingu kifuani huku vilele viko wazi juu yake. Sikutegemea iwe karibu na mji kiasi hicho. Ukishuka stendi ya Msamvu, katikati ya kelele za bodaboda, ukigeuka tu umeiona. Wenyeji huuita mji wao "mji kasoro bahari", na wanalisema hilo kwa majivuno, kana kwamba bahari ndiyo iliyokosa kuja.

Mtu akijiuliza kwa nini dansi lilinoga hapa na si kwingine, aanze na reli, iliyofika kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, kisha mkonge. Mashamba ya Tungi na mengine hadi Kimamba yaliwaweka hapa vibarua wa kila kabila, na mshahara ulipotoka mwisho wa mwezi, fedha zilitafuta mahali pa kwenda. Wasambaa, Wanyamwezi, Wangoni na Waluguru hawakuwa na ngoma moja ya kuwakutanisha. Gitaa na rumba viliwakutanisha. Salum aliliona soko hilo mapema.

Alizaliwa mwaka 1928, baba Mwarabu, mama Mluguru. Sahani za santuri za Kikuba zilimvuruga akili. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani hadi Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Cuba, akarudi bila kuiona. Basi akaileta Cuba kwa mama yake: mwaka 1948 akaanzisha La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Hebu litazame jina lenyewe. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua Cuba iko wapi. Ilitosha kwamba linasikika mbali na linachezeka. Huyo ni promota kabla hata hajapiga noti moja. Alirekodi na Mzuri Records ya Mombasa, akaimba mapenzi, akaimba TANU na uhuru wakati watu walikuwa na hamu ya kuusikia, na redio ikamtangaza bure.

Mji Mpya nilimkuta mzee mmoja fundi redio, kibanda chake kimejaa spika zisizo na maboksi. Nilipomwamkia shikamoo akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye bisibisi. Nilipomtaja Salum, akaiweka chini. Kutoka chini ya meza akavuta santuri ndogo ya Salum isiyo na kasha, imekwaruzwa hadi imepoteza weusi wake, tundu la katikati limepanuka, na kwenye lebo mtu ameandika jina lake kwa kalamu ya wino ili isiibwe dansini. Hana mashine ya kuipigia. Wimbo wenyewe anao kwenye simu, kwenye memori kadi.

"Mjukuu wangu, Salum alikuwa na bendi," akasema. "Mbaraka alikuwa na gitaa."

Nilijaribu kumpinga. Mbaraka, mzaliwa wa Mzenga huko Kisarawe, mwaka 1944, aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960 akaigeuza kabisa. Alikwenda nayo hadi Japani, kwenye maonesho ya Osaka ya 1970. Watu walimwita Soloist National. Mwaka 1973 akaondoka, akaunda Super Volcano na mtindo wake wa Masika, akarekodi Nairobi, na "Shida" ikauzwa Afrika Mashariki nzima. Mtu wa namna hiyo utasemaje hakujua biashara?

Mzee akacheka. Akanitaka nihesabu kilichobaki. Salum alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965, ana miaka 37, na Cuban Marimba haikufa naye: Juma Kilaza aliishika, ikaendelea kujaza kumbi. Mbaraka naye alikufa kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Super Volcano haikudumu. Bidhaa ilikuwa yeye mwenyewe.

Nilikwenda kulala na hoja hiyo na sikuweza kuivunja. Kwa vidole na sauti, Mbaraka hana mpinzani kwangu. "Shida" naweza kuisikiliza mara tatu mfululizo. Lakini bendi ni jina, watu, vyombo, mlango wa kukusanyia kiingilio na sababu ya kumfanya mtu arudi Jumamosi ijayo. Bendi nyingi za enzi ile zilijipa mitindo, kama Msondo na Sikinde za Dar, kwa sababu mtu akishajiita wa mtindo fulani hanunui tena muziki, ananunua upande. Wale vijana wa kwenye basi wangelielewa hilo haraka kuliko mimi. Na Morogoro Jazz, ikiwa na upande wake tayari, ilimwachia mtu aliyekuwa akijaza ukumbi aende zake. Hapo sina huruma nao.

Asubuhi nilipanda Morningside na kijana wa kunionesha njia. Akina mama walikuwa wakiteremka na matenga ya mboga kichwani, kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu, wakitembea kwa kasi ambayo mimi nisiyebeba kitu sikuiweza hata kwa kushuka. Tulipofika kwenye nyumba ya Wajerumani, mji wote ukiwa chini yetu, kijana akaniuliza kazi yangu, nikamweleza habari za bendi. Hakuvutiwa hata kidogo. Yeye ni mtu wa ngumi. Alinikumbusha kwamba Moro ndiko kwa Francis Cheka, aliyempiga Mmarekani Phil Williams Dar es Salaam mwaka 2013 akavaa mkanda wa WBF.

"Mimi nina mabondia wawili, kaka," akasema. "Mmoja anapiga sana lakini hana maneno. Mwingine anapigwa, ila akiongea mtaa mzima unakusanyika."

Nikamuuliza atamweka nani kwenye bango.

"Huyo wa maneno, juu, picha kubwa." Akafikiri kidogo. "Sasa kiingilio, niweke elfu tatu au elfu tano?"

Nikamwambia elfu tatu, na mlangoni asimame yeye mwenyewe. Akasema mlangoni atamweka mama yake.