Ujuzi Hauzeeki?

Miongoni mwa methali tulizokaririshwa tangu shule ya msingi, hakuna niliyoiamini kama hii: ujuzi hauzeeki. Walionitia shaka ni marubani. Kwa miaka mingi wamekuwa wakibishana iwapo mikono ya rubani hudumaa anapoiachia otopailoti, yaani mtambo unaoiongoza ndege bila usukani kuguswa, sehemu kubwa ya safari. Kundi moja hushikilia kwamba anga inapokuwa tulivu mtambo uzimwe, rubani aiendeshe ndege kwa mkono asije akasahau. La pili hujibu kwamba mtambo hauchoki wala hausinzii, na kwamba abiria hakukata tiketi ili afanyiwe mazoezi.

Hoja ya kundi la pili si ya kubezwa. Kati ya futi 29,000 na 41,000 ndege hupishana kwa futi 1,000 tu, moja juu ya nyingine, na aghalabu ni mtambo unaotakiwa kukishikilia kimo hicho. Lakini papo hapo pana kitendawili. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilikuwa katika kimo hicho barafu ilipoziba mirija ya kupimia mwendo, na otopailoti ikajitoa. Marubani wasaidizi wawili wakakabidhiwa ghafla kazi ambayo, kama ilivyosema ripoti ya Ufaransa ya 2012, hawakuwa wamefunzwa kuifanya kwa mkono kule juu. Pua ya ndege ikainuliwa badala ya kushushwa. Dakika 4 na ushei baadaye ndege iliangukia Atlantiki, wakafa watu wote 228.

Hata hivyo, mkasa unaonikosesha raha zaidi ni wa karibu nasi. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilipaa kutoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi, anga ikiwa na ngurumo. Kwa mujibu wa ripoti ya uchunguzi, rubani mkuu alitamka agizo la kuwasha otopailoti. Hakuitikiwa, na mtambo haukuwaka. Kwa karibu dakika nzima ndege haikuongozwa na mkono wala mashine, nayo ikazidi kulalia kulia, taratibu, gizani. Onyo lilipolia, usukani ulizungushwa kwanza kulekule kulia. Watu 114 waliangamia katika kinamasi cha mikoko.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kuipita ripoti hiyo bila kusita penye kimya kile. Fanani akisema "Paukwa!" na hadhira isiitike "Pakawa!", hadithi haianzi. Hodi isiyoitikiwa hurudiwa. Chumba cha marubani nacho kina mwito na mwitikio wake: agizo la mmoja hutamkwa tena na mwenziwe, kisha macho huthibitisha kwenye vioo vya mitambo. Kwa maoni yangu, basi, mjadala huu umeegemea mno upande wa mikono. Douala, kilichotangulia kukosekana ni sikio la kungojea jibu, mikono ilifuata.

Nilimweleza mhadhiri mmoja wazo hili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza rubani atajizoeza wapi kungoja, ilhali mtambo humwitikia karibu kila siku ya kazi yake. Bado natafuta la kumjibu.