Taa ya Betri Haisemi Nunua Betri

Ufundi umeme wa magari niliuanzia Gerezani, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1990, wakati magari yaliyotumika kutoka Japani yalipokuwa yakimiminika bandarini. Corolla, Corona, Mark II, Hiace za daladala. Hata kifuniko cha fyuzi kilikuja kimeandikwa Kijapani. Mafundi waliozoea kabureta na platini wakifungua boneti na kuona kompyuta, wengi walikuwa wanasema gari hilo lipelekwe kwa wenyewe. Mwalimu wangu hakuwa mmoja wao. Tulimwita mjomba, ingawa hatukuwa na undugu naye.

Mjomba hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na mita ya mshale, balbu ndogo yenye waya mbili, na kipande cha waya kilichochunwa ncha zote. Toyota za wakati ule zilikuwa na kiboksi cheusi chini ya boneti, juu yake kimeandikwa DIAGNOSIS. Mjomba anakifungua, anachomeka ncha moja ya waya kwenye tundu la TE1 na nyingine kwenye E1, kisha anawasha swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. "Hesabu, dogo." Mara mbili, inatulia kidogo, mara mbili tena. Hiyo ni kodi 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kutulia, kompyuta haijaona tatizo.

Lakini hapo hakumtuma mtu dukani. Alichomoa plagi ya sensa akapima. Injini ikiwa ya baridi, katika nyuzi 20 hivi, sensa nzima ya Toyota husoma kati ya ohm 2,000 na 3,000; maji yakifika nyuzi 80 inashuka hadi kati ya 200 na 400. Mara nyingi sensa ilikuwa haina ubaya wowote. Waya ndiyo iliyokatikia ndani ya ganda lake, au pini za plagi zimeota kutu. Kodi ilitaja njia ya umeme, na njia ina sensa, waya, plagi na kompyuta. Kazi yangu yote tangu siku zile imesimama juu ya jambo hilo.

Taa iliyowatesa wateja wangu kuliko zote ni ile nyekundu yenye picha ya betri. Alinijia dereva wa teksi akiwa ameshauziwa betri ya pili, na gari bado linamzimikia njiani usiku. Nikapima injini ikiwa imezimwa: volti 12.1. Nikamwambia awashe, apige resi kidogo. Mita ikabaki palepale, wakati ilipaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Mkanda ulikuwa umekaza vizuri, plagi ya alteneta ilikuwa safi. Tulipoifungua alteneta, kaboni zilikuwa zimelika hadi hazigusi tena. Vipande viwili vidogo, bei yake haifiki hata robo ya betri moja. Yule kaka alizishika kiganjani akaziangalia muda mrefu bila kusema neno.

Namna taa hiyo inavyofanya kazi ningependa kila dereva aijue. Upande mmoja inapata umeme kutoka kwenye swichi, upande wa pili imeunganishwa na alteneta. Alteneta ikizalisha, pande zote mbili zinakuwa na nguvu sawa, kama timu mbili za kuvuta kamba zisizozidiana, umeme haupiti na taa inazimika. Kwa hiyo ikiwaka mnatembea, angalia mkanda, plagi na alteneta kabla ya kuilaumu betri.

Taa ya mafuta ya injini ndiyo isiyotaka mjadala. Inapima msukumo wa mafuta. Haihesabu lita zilizomo. Ikiwaka barabarani, egesha na uzime injini hapohapo, maana vyuma vinasagana vikavu. Taa za njano kwa kawaida zinakupa muda wa kufika gereji, isipokuwa ile ya injini ikianza kupepesa mwendoni. Hapo petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya ekzosi na kuyachoma.

Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa hizo zote lazima ziwake kwanza. Isiyowaka kabisa inanitia wasiwasi zaidi. Nimefungua dashibodi nikakuta waya ya taa ya airbag imeunganishwa kwenye taa ya mafuta, ili ziwake na kuzimika pamoja na mnunuzi asishtuke. Aliyefanya hivyo ameuza gari lisilojulikana kama litamlinda mtu siku ya ajali, na hilo sijawahi kulisamehe.

Huku pwani adui yetu mkubwa ni chumvi. Ukikanyaga breki na indiketa nazo zikawaka hafifu, usianze na balbu. Tafuta erthi ya nyuma, fungua ile bolti kwenye bodi, piga msasa hadi bati ling'ae, paka grisi, kaza. Fyuzi nayo ikiungua, rudisha ya kipimo kilekile. Ukiweka ya ampea 30 palipokuwa na 10, au karatasi ya sigara, kitakachoungua safari ijayo ni waya, na waya zimepita chini ya zulia na viti.

Siku hizi vijana wangu wanachomeka mashine chini ya usukani na kodi inatokea kwenye simu. Napenda urahisi huo. Ila P0118, kodi ya sensa ileile ya joto la maji, ikitokea, wengine wanataka kuagiza sensa kabla hawajagusa plagi. Kwangu hairuhusiwi. Wanapima, wanamwita mteja aione namba kwenye mita kwa macho yake, halafu ndipo anaambiwa akanunue nini Kariakoo, kama kuna cha kununua.