Ng'ambo ya Mto Alabama

Ukifika Camden, mji mdogo wa jimbo la Alabama huko Marekani, simama ukingoni mwa mto utazame ng'ambo. Nchi ile iliyozungukwa na maji pande tatu ndiyo Gee's Bend. Wenyeji wake wengi ni wazao wa watumwa waliolima pamba papo hapo, na wengi huitwa Pettway, jina la bwana wa shamba. Mwaka 1962, Waamerika weusi walipokuwa wakivuka kwenda Camden kudai haki ya kupiga kura, kivuko kiliondolewa. Kilirudi mwaka 2006!

Baridi ya huko si mchezo, na nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa. Basi akina mama walikata suruali kuukuu za shamba, wakaunga vipande kuwa blanketi. Mwaka 1965 padre wa Kianglikana, Francis X. Walter, alipita akaziona zimeanikwa kambani. Mwaka 1966 kikaanzishwa chama cha ushirika cha kuziuza. Mwaka 2002 zilitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York.

Sasa, mama, fahamu ya kuwa suruali zile zilikwisha kufuliwa mara nyingi mno kabla ya kukatwa. Zilikwisha kurudi na kuchuja rangi. Kitambaa kipya cha dukani bado. Ukikiunga na cha zamani, siku ya kufua kitarudi na kumvuta mwenzake mpaka mshono ukunjamane. Injili nayo yataja kiraka cha namna hiyo. Nyekundu itachafua nyeupe, na kazi ya miezi imepotea.

Kwa hiyo kifue kwanza, lakini kwa akili, maana ukingo uliokatwa hufumuka, nyuzi zikatatana kama kiota cha ndege. Kata ncha ndogo ya kila pembe, kwa kuwa kufumuka huanzia hapo. Piga mshono ukingoni, kwa cherehani au kwa mkono. Vipande vidogo vitie katika foronya, ufunge mdomo. Rangi kali zifuliwe peke yake. Usisugue wala usikamue kwa kusokota. Bonyeza tu, usuuze mpaka maji yawe meupe. Kisha kunjua kila kipande, ukikung'ute, uanike kivulini, upige pasi kingali na unyevu kidogo. Uzi uliochomoza ukate kwa mkasi. Usiuvute, maana huja na wenzake.