Unamkimbia Nani?

Kila alfajiri nikikimbia hapa Dimani, wazee huniuliza: "Mwanangu, unamkimbia nani?" Wana haki kuuliza. Nilianza baada ya daktari kunionya juu ya shinikizo la damu, maradhi yaliyomchukua marehemu baba. Sasa pumzi zimenirudia, na usingizi pia.

Lakini kilomita 42 za marathoni nazitamani kwa sababu ya John Stephen Akhwari. Katika Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa nzima kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani wa mwisho, akichechemea, giza limetanda.

Mimi nimefikia kilomita 18 tu. Mchanga wa huku, ndugu msomaji, hauna huruma.