Hofu ya Mtihani wa Ukufunzi wa Urubani

Nchini Marekani anayetaka kuwa mkufunzi wa urubani huhojiwa kwanza ardhini, kisha huruka na mtahini. Kwa kawaida huketi kiti cha kulia, kwani cha kushoto ni cha mwanafunzi. Naye mtahini hujifanya mwanafunzi huyo, na pengine hukosea makusudi. Mimi ni mwalimu wa lugha, si rubani, lakini hofu ya kutahiniwa huku ukifundisha naijua. Dawa yake ni kumtazama mwanafunzi badala ya kujitazama. Basi jizoeze kumweleza asiyejua, kwa sauti, kwa nini pua ya ndege ikiinuliwa mno mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba. Akielewa, umejiandaa. Ukishindwa, utafunzwa tena na kutahiniwa upya. Leseni hiyo ni amana ya uhai wa watu. Haitolewi kwa huruma.