Tulikutana Ujiji, Chini ya Miembe

Milima haikutani, binadamu hukutana. Methali hii tunaijua sote, akina mama, na huwa tunaisema kwa furaha tukimwona mtu tusiyemtarajia. Lakini je, kukutana huko kuna maana yoyote, au ni sadfa tu? Swali hili lilitushika sisi wawili, mke na mume, tulipokwenda Kigoma mwaka 2019 kwenye arusi ya binti wa rafiki yetu.

Tulisafiri kwa treni ya Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kabla yake watu walikwenda kwa miguu, na misafara mingi ilikomea Ujiji, mji wa kale kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita chache kutoka Kigoma. Kesho yake baada ya arusi tukapanda daladala kwenda kuuona.

Chini ya miembe ya Ujiji pana mnara wa kumbukumbu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta hapo Dk. David Livingstone. Wengi hudhani walikutana kwa bahati, lakini Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald, akaondoka Bagamoyo mwezi Machi, akatembea zaidi ya miezi saba akimtafuta. Hata hivyo sadfa ilikuwepo. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji wiki chache tu kabla, mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Stanley angefika miezi miwili mapema, asingemkuta.

Tulikuwa tukizungumza hayo alipotukaribia mama mmoja mtu mzima aliyekuja na wajukuu wake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akatuuliza tunatoka wapi. Kumbe naye aliishi Dar es Salaam miaka mingi, akiwa muuguzi wa wodi ya wazazi, kisha akastaafu na kurudi kwao. Tulipoitaja hospitali tuliyojifungulia mwaka 1996, akatutazama kwa muda.

"Ninyi ndio wenye kile kitenge cha samaki?" akauliza.

Mwaka ule mtoto wetu wa kwanza alizaliwa akiwa amekwisha kufariki. Mama huyu ndiye aliyemfunga katika kitenge chetu.

"Nilimfunga kwa mikono yangu," akasema. Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, mwanangu, ulisimama nyuma ya mlango ukilia, ukaniomba nisimwambie mwenzio."

Kwa miaka 23 mmoja wetu hakulijua hilo. Alidhani kilio kilikuwa chake peke yake.

Usiku ule hatukulala. Mmoja alisema huu ni mkono wa Mungu. Mwingine akasema wauguzi wengi wakistaafu hurudi kwao, na ni mgeni gani afikaye Kigoma asiende Ujiji? Hatukushindana. Tulimzungumza mtoto wetu kwa mara ya kwanza tangu azikwe, na kabla ya kupambazuka tulikuwa tumempa jina.

Tangu hapo tunaamini kwamba maana ya sadfa huonekana katika kile inachotuwezesha kufanya baadaye. Wako wanaoahirisha safari kwa sababu ya ndoto, au kuchagua mchumba kwa sababu tu walikaa kiti kimoja ndani ya basi. Huko ni kuitwisha sadfa mzigo usio wake. Mkumbuke Ruthu. Alitoka kwenda kuokota masazo, akajikuta katika shamba la Boazi. Hakukaa akihesabu ishara, bali aliinama akafanya kazi mpaka jioni.

Basi, mama mpendwa, ukisafiri na mwenzio msifumbe macho njia nzima. Wasalimuni walioketi karibu nanyi, ulizeni kwao ni wapi, na mkiulizwa jibuni kwa ukunjufu. Na ikitokea mkakutana na mtu au mahali panapogusa jambo la zamani, msiishie kusema "dunia ni ndogo" mkaendelea na safari. Ketini wawili, mliseme jambo lile mpaka liishe. Huenda mwenzio amekuwa akingoja miaka mingi apate pa kuanzia.