Ua wa Nkubu

Runyenjes, Embu

Kwako Baba,

Nakuita Baba kwa sababu jina ulilobeba ni la baba yangu, na sasa umerithi pia shamba lake la Nkubu. Kwa hiyo swali lako limenikuta nikiwa shangazi yako na mtoto wako kwa wakati mmoja, na ndiyo maana nimeona simu haitoshi, nikaketi kuandika.

Umesema mafundi wameshaezeka nyumba na unataka kuzungushia boma ua kabla ya Krismasi. Umeuliza upande saiprasi au kayaba. Umeniambia pia kwamba huko Nairobi kuna ua wa saiprasi unaoupita kila asubuhi, umekatwa ukanyooka kama ukuta, na tangu uuone hutaki kingine. Nakuelewa kabisa. Hata mimi niliupenda wa namna hiyo.

Tulipohamia hapa Runyenjes, marehemu mume wangu alipanda saiprasi kuanzia langoni hadi kwenye zizi. Mwaka wa tatu ulikuwa umefungana hata kuku hapiti. Aliukata yeye mwenyewe kila baada ya miezi mitatu, kamba imevutwa toka mwanzo hadi mwisho, na waliokuwa wakienda sokoni walisimama kuuangalia. Kisha wakaja vidukari. Malawi walikuwa wameonekana tangu 1986, na Kenya walifika 1990. Kwetu tulidhani ni kiangazi tu. Matawi yalianza kuwa ya kahawia ndani kwa ndani, huku kwa nje bado kijani, na ukishika unabaki na utomvu mtamutamu na masizi meusi mkononi. Mume wangu aliumwagilia maji jioni nyingi. Wale wadudu walikuwa wananyonya utomvu kwenye vitawi, na kila siku kipande kingine kinakauka. Si sisi peke yetu; mashamba ya serikali yaliumia, na hata mitarakwa yetu ya asili iliyoko msituni haikuachwa. Baadaye watafiti walileta nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidukari, wakaanza kumwachia Malawi mwaka 1994 na baadaye huku kwetu. Wadudu walipungua. Ua wetu haukusubiri.

Robo ya ua iliyobaki ndiyo iliyonifundisha zaidi, na hapa nataka usome polepole. Mume wangu alipougua, nilimpa kazi kijana wa jirani aukate. Alikuwa na bidii. Alikata kwa panga, akaingia ndani kiasi cha mkono mzima, akijua ananisaidia ili usirefuke tena upesi. Saiprasi huchipua pale penye majani tu. Ukishapita majani ukafika kwenye vijiti vikavu vya ndani, pengo hilo halizibiki tena. Tulikaa na upande mmoja wa kahawia kwa miaka minne, tukitazama barabara kupitia kwake, hadi tukaung'oa.

Sasa wewe unaishi Nairobi. Utakuja Pasaka, utakuja Agosti, utakuja Krismasi. Nani atavuta kamba kila miezi mitatu? Atakuwa kibarua, na kila mara kibarua mwingine, na kila mmoja na panga lake. Mmoja akikosea mara moja tu, kosa lake utaliona kila ukija nyumbani.

Kayaba unaijua, ndiyo ile ya upande wa barabara. Baba yangu aliipanda kabla sijaolewa. Kaka yangu, yaani baba yako, aliwahi kuchoka nayo ilipokuwa imevimba hadi kuziba njia, akaikata ikabaki mashina ya kufika magotini. Mama alilia. Mvua mbili zilipopita, ilikuwa imefungana kuliko mwanzo. Ina asili ya kusini mwa Afrika, haipukutishi majani, inavumilia jua la Januari na Februari bila kunywa maji ya mtu, na hakuna mwizi wala mbuzi anayeijaribu mara ya pili. Matunda yake ya manjano, yale machachu mliyokula na chumvi mkifunga shule, huzaa kwenye miti ya kike tu, kwa hiyo usishangae sehemu nyingine isipozaa.

Sitakuficha ubaya wake. Mwiba wa kayaba unapita kwenye buti la mpira. Matawi yaliyokatwa yasiachwe hata siku moja mahali watoto wanapocheza; yakusanywe siku hiyo hiyo yachomwe. Na hukua polepole. Miaka miwili ya kwanza mbuzi atapita katikati kama hakuna kitu, kwa hiyo itakubidi uweke seng'enge kwanza na kayaba kando yake. Najua hiyo ni gharama juu ya gharama ya bati. Hata hivyo nasema weka.

Kwa ndani, kati ya nyumba na zizi, usipande kayaba. Hapo panda kaliandra. Ni kichaka kilichotoka Amerika ya Kati, na hapa Embu watafiti walikijaribu pamoja na wakulima kuanzia miaka ya 1990. Ng'ombe wangu wamekula majani yake tangu wakati huo. Kilo tatu za majani mabichi zinafanya kazi ya kilo moja ya unga wa ng'ombe wa dukani. Miche kama 500 inamtosha ng'ombe mmoja wa maziwa, nayo inaingia pembezoni mwa matuta na vijia bila kula shamba. Iache mwaka mzima ipate nguvu, kisha uwe unaikata kimo cha mita moja, nayo itachipua. Mlinzi wa shamba atakuwa na sababu ya kuikata kila wiki, kwa kuwa anakunywa maziwa ya ng'ombe huyo.

Kama moyo bado uko kwenye saiprasi, ipande kama mti na si kama ua. Ile kona ya juu yenye mawe, ambayo mahindi hayajawahi kufanya vizuri, inafaa. Itakuchukua miaka 25 hadi 30 kupata mbao za kupasua. Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma kuanzia Februari 2018 hadi 2023, waliokuwa na miti yao shambani ndio waliofuatwa na wenye mashine. Lakini iwe mbali na mpaka wa jirani. Kivuli chake na mizizi yake vitadumaza mistari ya mahindi ya jirani, na jirani wa Nkubu utamhitaji kuliko mbao. Mpakani panda mti wa mukima, huo kahawa inauvumilia.

Jambo la mwisho ni la moyoni. Watu wengi huita saiprasi mtarakwa, lakini mtarakwa wenyewe ni wetu, unaota upande mkavu wa mlima kule Timau, na mchwa hawauwezi. Nguzo nne za ghala la baba yangu ni za mtarakwa na bado zimesimama. Nimesikia fundi wako anataka kuzing'oa apate nafasi ya tangi. Mwambie tangi lisogee. Na karibu nazo upande mtarakwa mmoja ulio hai, mmoja tu, uachwe bila kukatwa.

Mvua za Oktoba zikishalowesha udongo kiasi cha kiganja, njoo na pikapu siku ya Jumamosi. Nina miche 400 ya kayaba kwenye pakiti kuukuu za maziwa; mbegu nilizichuma kwenye ua huo huo wa barabarani mwaka juzi, nilipokuja kumzika kaka yangu. Leta glavu za ngozi, jozi mbili: zako na zangu. Nitakuja nawe Nkubu, nikuonyeshe baba alianzia wapi.

Ni mimi shangazi yako, na mtoto wako.